Huo unga wa kifua mnaompa punda, mnamdanganya nani?

Nianze kwa kukiri, ndio mtu asiniandikie huko chini "na wewe je?" Mimi pia nilikula hizo pesa.

Miezi miwili iliyopita mfanyabiashara mmoja alinipa shilingi 3,000 nimfanyie video ya kopo lake la unga. Kopo lina picha ya farasi mweusi, manyoya yanang'aa, anakimbia kwenye nyasi za kijani ambazo hapa Hagadera hatuzioni hata mvua ikinyesha wiki nzima. Nikasimama kando ya mkokoteni wa mtu, nikainua kopo, nikasema maneno niliyopewa: vijiko viwili asubuhi, vijiko viwili jioni, kifua cha punda kinafunguka. Mkaipenda. Mkaitumiana. Wengine mkaniuliza, "Walaal, hiyo inapatikana wapi?" Nikawaelekeza.

Alhamisi iliyopita kijana mmoja alikuja kwetu. Simtaji jina. Ana miaka 17, na yeye na punda wake ndio walikuwa mshahara wa nyumba yao: asubuhi maji, mchana mizigo ya sokoni, siku za mgao magunia ya watu wanaokaa mbali na kituo, jioni kuni. Punda alianza kukohoa wakati wa jiilaal. Kijana akaona video yangu, akanunua kopo moja. Likaisha, akanunua la pili. Juzi punda akaanguka akiwa bado amefungwa kwenye mkokoteni, na hakuinuka tena.

Hakuja kunigombeza. Alikaa chini, akanywa chai aliyopewa na mama yangu, akasema, "Walaal, nilimpa vile ulisema." Basi, hakuongeza kitu.

Wallahi ningependa angenitukana.

Sasa mnisikie vizuri. Sisemi unga ndio ulimuua punda. Sina ushahidi wa hilo, na sitaki kuondoa uongo mmoja niweke mwingine. Ninachosema ni hiki: kwa zaidi ya mwezi mzima kijana huyu aliamini anamtibu punda wake. Kila asubuhi alichanganya vijiko viwili, akafunga mkokoteni, akaingia barabarani na moyo mweupe. Punda aliendelea kuvuta mapipa. Aliendelea kula nyasi zilezile zenye vumbi. Aliendelea kulala pale jikoni kwenye moshi. Hakuna kitu hata kimoja kilichobadilika katika maisha ya yule mnyama isipokuwa ladha ya chakula chake. Huo unga kazi yake kubwa ilikuwa kumtuliza mwenye punda.

Hebu tuanzie kwa punda mwenyewe, kwa sababu wengi wetu tumekua naye lakini hatumjui.

Punda na farasi ni ndugu, na wote wawili wana tabia moja ambayo ng'ombe na sisi binadamu hatuna: wanapumua kwa pua tu. Wewe ukiziba pua unafungua mdomo unaendelea na maisha. Punda hawezi. Kila pumzi inapita puani, na pua yake muda mwingi iko wapi? Iko ndani ya chakula. Iko ndani ya gunia la nyasi kavu. Kila anapotafuta jani zuri anatikisa vumbi, ukungu na takataka ndogo ambazo jicho halioni, halafu anazivuta moja kwa moja hadi ndani ya mapafu. Njia za hewa zinavimba, zinabana, kamasi linajaa. Kwa farasi ugonjwa huo unajulikana kabisa, unaitwa pumu ya farasi, na punda naye anaupata. Chanzo chake kikubwa ni vumbi la nyasi zilizokaushwa na kuhifadhiwa vibaya. Upungufu wa unga wa kopo haumo.

Sasa fikiria nyasi zetu. Zimekatwa mbali, zimefungwa, zimesafiri juu ya lori, zimekaa sokoni, zimenyeshewa kidogo, zikakauka tena juujuu. Baada ya yale mafuriko ya mwishoni mwa 2023 mnakumbuka vitu vilivyokuwa vinanuka ukungu kila bloku? Nyasi pia zilinuka hivyo hivyo, na tulizilisha, kwa sababu zilikuwa bei nafuu. Ukipiga mzigo wa nyasi kwa mkono na wingu likapanda, hilo wingu ndilo punda anavuta usiku kucha.

Halafu kuna ule mfuko. Mnaujua, ule wa kufungwa shingoni ili ale akiwa barabarani. Unaonekana ni wema. Lakini umemfunga kichwa ndani ya vumbi, na kichwa kiko juu. Farasi na punda husafisha kamasi la kifuani wakiinamisha kichwa chini, kama wanapokula majani ardhini. Ukimlisha kichwa kikiwa juu siku nzima, uchafu unabaki ndani. Umemnyima hata ile njia yake ya kujisafisha.

Wacha niende kwa unga wenyewe, maana najua kuna mtu anaandaa jibu. "Wewe umesoma wapi? Kuna utafiti!"

Ndiyo, upo, na sitauficha. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa matokeo kuhusu farasi wenye ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa. Wengine waliongezewa kirutubisho cha mafuta ya omega-3, wengine hawakuongezewa. Waliopewa walipata nafuu zaidi. Wauzaji wanasoma mpaka hapo, wanafunga kitabu, wanaenda kuchapisha makopo. Sehemu wanayoruka ni kwamba farasi wote katika utafiti ule, waliopewa na wasiopewa, waliondolewa kwanza kwenye nyasi kavu na kuwekwa kwenye chakula kisicho na vumbi. Kirutubisho kilikuja juu ya hapo, kama kachumbari juu ya pilau. Hapa kwetu mnauziwa kachumbari peke yake, kwa bei ya sahani nzima.

Na kopo nililotangaza mimi hata hiyo omega-3 halikuandikwa. Niliangalia juzi, baada ya punda kufa. (Kabla ya hapo sikuwa nimesoma hata nyuma ya kopo. Mnaona?) Limeandikwa vitamini C kwa herufi kubwa. Inasikika vizuri kwa sababu sisi tukipata mafua tunaambiwa tule machungwa. Lakini mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, ndio maana tunaitafuta kwenye matunda. Farasi na punda wanaitengeneza wenyewe kwenye ini. Farasi mwenye kifua kibovu sana anaweza kupungukiwa kidogo, sawa, lakini kumuuzia kijana wa mkokoteni vitamini ambayo punda wake anaipika mwenyewe bure, hapo mimi naona ni ujanja tu.

Angalieni pia lugha yao. Hakuna kopo linalosema "hutibu". Wakisema hutibu, hiyo ni dawa, na dawa ya mifugo ina sheria na wasimamizi wake. Kwa hiyo wanaandika "husaidia afya ya mapafu", "huimarisha kifua", "hufungua njia ya hewa". Kusaidia ni neno tamu sana. Hata mimi nikisimama kando ya punda wako nikimpepea na kanzu, namsaidia.

Na yule farasi wa kwenye picha? Mimi sijawahi kuona farasi Hagadera, lakini video za farasi wa mbio wa Ngong kule Nairobi na wa Meydan kule Dubai tunaziona sote. Farasi wale wana mtu wa kuwasafishia zizi, mtu wa kupima chakula, daktari wa kuwawekea kamera puani akaangalie koo. Akikohoa, mbio zinasimama. Mwenyewe akiongeza kijiko cha unga juu ya hayo yote, ni pesa zake na raha yake. Kijana wetu hana hata kimoja kati ya hivyo, halafu tunamwambia aanze na kijiko.

Nilimwendea mzee mmoja pale soko la mifugo, watu wote wanajua punda wake ni wazee na bado wana nguvu. Nikamsalimia, nikakaa, nikamuuliza, "Adeer, punda wako hawakohoi?" Akacheka. "Adeer, wanakohoa kama wewe. Lakini nyasi nazimwagia maji." Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema mama yake, kabla ya vita, kabla ya 1991, kabla kambi hii haijawa na jina. Nikamuuliza kuhusu unga. Akaniuliza unga gani. Nikabadilisha hadithi, aibu ilinishika.

(Kuwa mkweli, mzee huyohuyo anapakia mkokoteni hadi chuma kinalia. Hakuna malaika hapa.)

Hicho alichofanya mama yake ndicho madaktari wa farasi wa Ulaya wanachowaambia matajiri wao leo. Loweka nyasi. Chukua karai au pipa lililokatwa, zamisha nyasi za mlo mmoja kwa dakika 10 hadi 30, zitoe zichuruzike, mpe palepale zikiwa bado na unyevu. Usiloweke usiku kucha, maana utamu na madini yatatokea kwenye maji. Na kwa joto la Garissa zisikae hadi mchana, zitachacha. Weka chini, juu ya gunia safi, ainamishe kichwa. Kama zinanuka ukungu, kulowekwa hakuziokoi, zitupe. Mfunge mbali na jiko, na mbali na pale dada yako anapofagia asubuhi. Nyoosheni turubai la kivuli lakini msimzungushie mabati pande zote kama mfungwa, hewa ipite.

Najua mtasema nini. "Maji? Wewe unaishi Hagadera ipi?" Naishi hii hii. Nimepanga foleni ya bomba tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Najua mtungi wa lita 20 ni kitu gani katika nyumba ya watu tisa. Lakini kijana alinunua makopo mawili, na kwa pesa hizo angeweza kununua maji ya kulowekea nyasi kwa wiki nyingi. Na hayo maji si lazima yawe ya kunywa. Yale uliyosuuzia mchele yanafaa. Kama hata hayo hamna, basi nyunyiza kwa mkono na uchanganye, haitafika kama kuloweka lakini lile wingu litapungua. Tatizo letu hapa ni kwamba kitu cha bure hakina mtu wa kukifanyia video. Nani atanilipa shilingi 3,000 nishike karai juu?

Mzigo nao. Hapa mtanichukia. Mapipa mawili ya lita 200 yakijaa ni kilo 400 za maji, kabla hujahesabu mkokoteni, mchanga unaoshika magurudumu, na wewe bwana mkubwa uliyekaa juu na simu. Punda mwenye kifua kizima anateseka hapo. Mwenye kifua kinachobana anavuta hewa kama mtu anayepumua kupitia kitambaa. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumtwika mnyama kupita kiasi ni kosa ndani yake. Sijawahi kumwona mtu akikamatwa. Sitegemei kumwona. Naitaja tu mjue kwamba hata serikali, kwenye karatasi, imewahi kumhurumia punda kuliko sisi.

Kuna msemo tunaupenda, punda afe mzigo wa bwana ufike. Tunausema tukicheka. Kwa nyumba ya yule kijana punda alikufa na mzigo haukufika, na bwana mwenyewe sasa anasukuma mkokoteni wa mikono wa kukodi.

Kumpata mwingine si mchezo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8 Kenya. Ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Katikati hapo vilifunguliwa vichinjio vya punda, kuanzia 2016, ngozi zikienda China kutengenezewa ejiao, dawa yao ya kienyeji. Serikali ikavifunga 2020, mahakama ikatengua amri hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kupiga marufuku biashara hiyo ya ngozi bara zima. Angalieni basi kichekesho: upande mmoja wa dunia wanamchemsha punda wapate kirutubisho cha binadamu, upande wetu tunauziwa kirutubisho cha binadamu tumpe punda.

Jambo moja zito zaidi, na hapa sitaki utani. Kukohoa kote si vumbi. Kuna minyoo ya mapafu, ambayo punda huibeba kwa miaka bila kuonyesha dalili, na dawa yake ni dawa ya minyoo, kwa kipimo cha uzito wake, kutoka kwa mtu anayejua. Kuna maambukizi. Ukiona usaha mzito puani, uvimbe chini ya taya, mwili umechemka, amekataa kula, mtenge na wenzake siku hiyo hiyo, ndoo yake iwe yake peke yake, na utafute mtu wa mifugo. Mwaka 2019 mafua ya farasi yaliua punda kwa maelfu Afrika Magharibi, hasa Niger. Yaani mafua! Na punda akigoma kula siku mbili tatu, mafuta ya mwili yanaingia kwenye damu na yanaweza kumuua kabla hata ya ugonjwa wenyewe. Huo sio wakati wa kujaribu vijiko viwili uone.

Na tafadhali, wale mnaomimina mafuta au dawa puani mwa punda kwa chupa ya soda, acheni. Nimeiona kwa macho yangu, nimeona hata ikirekodiwa. Nimeshawaambia anapumua kwa pua tu. Mnajua mnamimina wapi?

Shida ya punda ni kwamba hasemi. Farasi akiumwa atajitupa, atapiga kelele. Punda anasimama. Anasimama amenyamaza, masikio yamelala kidogo, na wewe unasema ametulia leo. Ukimsikia amekohoa, jua tatizo limeshakaa muda. Kwa hiyo mhesabu. Asubuhi mapema kabla ya jua na kabla ya kazi, fungua saa ya simu, angalia ubavu ukipanda na kushuka kwa dakika moja. Punda mzima aliyepumzika anapumua kati ya mara 12 na 28. Kama amesimama tu na anapita hapo kila asubuhi, tundu za pua zimetanuka, tumbo linasukuma kama mvukuto, huyo hafungwi mkokoteni leo.

"Nisipomfunga tutakula nini?" Hilo ndilo swali la kweli, na mimi sina jibu zuri. Mgao umepunguzwa, kila mtu anajua. Kumwambia kijana apumzishe punda wiki mbili ni kumwambia nyumba nzima ipumzike kula. Wenye mikokoteni wa bloku moja wanaweza kupeana zamu, mwenye punda mgonjwa akasaidia kupakia na akapata kitu. Nimeona wanafanya hivyo kwenye harusi na msiba, kwa nini kwenye kikohozi ishindikane? Lakini nakubali ni ngumu, na ndio maana kopo linauzika. Linakuahidi kwamba punda atapona na kazi haitasimama hata siku moja. Mimi niliuza ahadi hiyo kwa watu ambao hawana nafasi ya kukosea mara mbili.

Kwa wenzangu mnaofanya video, nyinyi mnaojijua: najua bei yenu, maana ni bei yangu. Mkitangaza mafuta ya nywele na nywele zisiote, mtu atavaa kofia. Hapa mnacheza na unga wa nyumba nzima. Angalau ombeni kusoma nyuma ya kopo.

Ile video nimeifuta. Zile 3,000 zilishaisha zamani, lakini nimeanza kumpelekea yule kijana kidogo kidogo, na yeye anazipokea bila kusema kitu. Yule mfanyabiashara ameniandikia jana, ati kuna kopo jipya, la ngamia.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kando ya soko la mifugo, nina karai mbili na mitungi minne, na yule mzee amekubali kuja. Mwenye punda anayekohoa aje na nyasi za mlo mmoja. Makopo yabaki nyumbani.